Picha Sitini kwa Sekunde

4 Februari

Dada,

Nakuandikia barua kama tulivyokubaliana, maana kwa simu hatufiki dakika tano kabla mmoja wetu hajamkatia mwenzake. Karatasi haikatiki.

Reli ya Baba imekwisha. Kilomita zote mia moja arobaini na nane, kuanzia karakana ya vichwa vya treni hadi stesheni ya mwisho kule machimboni. Miaka miwili iliyopita nilikuomba unipigie picha kurasa za madaftari yake ya kazi, ukanicheka, ukaniuliza kama nimekosa mke wa kunishughulisha. Sasa madaftari yale yamekuwa reli. Kila mteremko, kila kalvati, kila taa ya ishara iko pale alipoiandika. Reli yenyewe iling'olewa ikawa chuma chakavu, lakini ndani ya mchezo huu wa treni wa kompyuta ipo nzima. Baba ataketi, atashika ule mkono wa breki niliomtumia mwaka jana, ataipita tena. Tangu alipostaafu hana wimbo mwingine: aipite mara moja tu, kisha roho yake itulie.

Tatizo ni kompyuta yake. Kadi ya grafiki iliyomo, yaani kile kifaa kinachochora kila unachokiona kwenye skrini, ni ya zamani. Nimeijaribu reli kwenye kadi kama hiyo hapa kazini tunapopima kadi, nikapata picha kumi na moja kwa sekunde. Jicho linataka thelathini ili lione mwendo. Kwa kumi na moja treni haiendi, inaruka kama chura.

Nina njia mbili. Ya kwanza ni kadi ya daraja la kati, ya mwaka juzi, ambayo ninayo hapa mezani. Gigabaiti kumi na mbili za kumbukumbu, wati mia mbili. Itampa Baba picha thelathini na nne, ila miti ya mbali itakuwa imefifia na vivuli vitakuwa vya kubahatisha. Naweza kuituma kesho kwa posta, na fundi yeyote wa mtaani ataifunga kwa bisibisi moja.

Ya pili inatoka Juni. Hiyo ndiyo kadi, Dada. Gigabaiti ishirini na nne, feni tatu, kilo mbili na robo, wati mia nne na hamsini. Inakokotoa mwanga mwale kwa mwale, kiasi kwamba jua likipenya majani, kivuli kinatua kwenye taruma lile lile la chini ya reli linalostahili. Hii haitumwi kwa posta. Lazima nibadilishe na pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kisha niitegemeze kadi kwa chini isining'inie kwa uzito wake. Nitaileta mwenyewe wakati wa likizo, pamoja na skrini kubwa.

Muulize Baba. Moyo wangu uko kwenye ya pili, lakini nitafuata neno lenu.

Mdogo wako,
Kipimo


13 Februari

Kipimo,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimetafuta neno "hamjambo". Halimo. Kadi imesalimiwa aya mbili nzima. Hatujambo, ahsante kwa kutouliza.

Unanijua. Miaka kumi na tisa naandika safu gazetini, nimegombana na wakubwa wa kila kimo, sitaogopa kipande cha plastiki chenye feni tatu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na biashara yenu nzima imejengwa juu ya kidonda hicho. Kila mwaka mnamwambia mtu kwamba alichokiona mwaka jana hakukiona vizuri. Wati mia nne na hamsini! Friji letu halili hivyo, na friji walau linatunza mboga. Halafu mtu mzima, aliyesomeshwa, anakesha kuhesabu kasi ya treni isiyokuwepo kwenye reli iliyouzwa kwa kilo.

Lakini umeuliza, nami nakujibu. Baba anasema fundi ndiye anayejua kazi yake. Mimi nasema usitume ile ndogo. Ngoja ile kubwa, na uje nayo kwa mikono yako. Miaka minne hujakanyaga kizingiti cha nyumba hii. Mara ya mwisho ulikuja kumzika Mama, ukakaa siku tatu, na moja ya hizo tatu uliitumia kurekebisha redio.

Baba anakusalimu. Anasema uliangalie kalvati la kilomita ya tisini, lilikuwa na nundu upande wa kushoto na dereva asiyelijua alimwaga chai.

Dada yako


15 Februari
(Barua hii haikutumwa.)

Mdogo wangu,

Juzi nilikuandikia nikakuficha jambo.

Baba anapoteza macho. Si uzee wa kawaida wa kusogeza gazeti mbali. Ni ugonjwa wa nyuma ya jicho, na umeanzia katikati. Anapokutazama usoni, uso ndio asiouona. Daktari wa macho alimpima mwezi uliopita, akasema dawa itachelewesha lakini haitazuia, na kwamba baada ya miezi mitano au sita atakuwa anatofautisha mwanga na giza, basi. Leo bado anasoma vichwa vya habari. Jana alisoma kichwa cha safu yangu, akasema nimekiandika kwa hasira na hasira haina koma.

Amenikataza nisikwambie. Nilipombishia, akapandisha sauti kama vile alivyokuwa akiwapandishia wasaidizi wake kwenye kichwa cha treni. Hiyo ni sehemu yake.

Sehemu yangu ni hii. Nilipoisoma barua yako nilipiga hesabu. Ile ndogo ingefika Februari hii hii, Baba akiwa bado na macho ya kuionea. Lakini ingekuja peke yake, kwenye boksi. Wewe ungepumua, ungesema deni la mtoto kwa mzazi nimelilipa, na hapo ingepita miaka mingine minne. Nikaona bora ningoje Juni niwapate wote wawili, kadi na wewe. Juni ni miezi minne. Daktari alisema mitano au sita. Hesabu inakubali.

Nimeandika dhidi ya watu wanaocheza kamari na mali ya wenzao. Leo nimecheza na macho ya Baba.

Nitakutumia hii kesho.

Dada


20 Juni

Dada,

Hamjambo? Unaona, nimeuliza.

Kadi ninayo. Ni kubwa kuliko nilivyodhania, sentimita thelathini na nne, karibu urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Nimeifanyia majaribio siku tisa. Kwenye nyanda inatoa picha mia moja kumi na nane kwa sekunde, ubora wote ukiwa juu kabisa. Darajani tisini na saba. Joto halijavuka nyuzi sitini na nane, na feni ukizisikiliza ni kama mtu anayepumua usingizini.

Shida ni kilomita ya sitini na moja, pale kwenye makutano ya reli. Nimeweka pale miti elfu mbili na mia tatu, kwa sababu Baba aliandika kwamba dereva alipaswa kuitafuta taa ya ishara katikati ya majani. Kadi ikifika pale inashuka hadi picha thelathini na nane. Thelathini na nane inaonekana, sikatai, ila nimejiwekea sitini, na isishuke hapo hata mara moja.

Wenzangu kazini wananiambia niwashe ule ujanja mpya ambapo kadi huchomeka picha za kubuni katikati ya picha za kweli. Ukiuwasha tu, thelathini na nane inakuwa tisini. Nimekataa. Baba ana jicho la dereva. Alikuwa akiona ng'ombe relini kabla ng'ombe mwenyewe hajajua yuko relini. Sitampa picha za uongo mzee yule.

Kwa hiyo itanibidi niichore upya miti yote ya pale, mmoja mmoja, iwe myepesi. Nimesogeza likizo hadi mwishoni mwa Agosti. Mwambie Baba anisamehe. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Kipimo


28 Juni

Kipimo,

Wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga hawakuwahi kukubaliana, ndiyo maana kila mvivu ana methali yake.

Njoo sasa. Njoo na kadi ilivyo, na miti ilivyo, na thelathini na nane yako. Nani alikwambia sitini ni namba takatifu? Ni kiburi chako umekipa tarakimu. Unamfanyia Baba kazi au unajifanyia mwenyewe mnara? Mtu anayeomba maji hapelekewi mchoro wa kisima. Washa huo ujanja wa picha za kubuni, panda basi, uje. Nasema njoo mara uipatapo barua hii.

Dada yako


9 Julai

Dada,

Nilijua utasema hivyo. Tangu nilipoanza umekuwa ukiiita kazi hii upuuzi, umeidhihaki hata mbele ya wageni, na sasa ghafla una haraka nayo kuliko mimi. Sababu hujaitoa hata moja. Umenitukana tu, kama unavyowatukana wale wakubwa wako gazetini. Mimi si safu yako.

Nilimpigia Baba jana ulipokuwa kazini. Nilimuuliza kwa maneno haya haya kama naweza kuchukua mwezi na nusu zaidi. Akanijibu, "Chukua muda wako, mwanangu. Kazi nzuri haifukuzwi na mtu." Nikamuuliza hali, akasema ni mzima isipokuwa magoti.

Nakuja tarehe ishirini na nne Agosti.

Kipimo


2 Septemba

Dada,

Nimefika salama kwangu, na safari hii, tofauti na ile ya kumzika Mama, sikupanda basi na jiwe kifuani. Naandika haya nikiwa bado nafurahi, na unisamehe yale ya Julai.

Ulimwona? Ulikuwa umesimama mlangoni umekunja mikono kama hakimu, lakini najua ulimwona. Alikaa wima. Akatia mkono kwenye breki bila kuitafuta. Akaitoa treni karakanani taratibu, akapiga honi pale panapopigwa, na kwa saa mbili na dakika arobaini hakuyageuza macho kutoka mbele. Kila stesheni alisimamisha behewa la kwanza ndani ya mita moja ya alama. Kadi haikushuka chini ya sitini na mbili, hata pale kwenye miti. Namba zote ninazo, nimezihifadhi. Alipomaliza aliniambia, "Safi, mwanangu. Safi kama maji." Nimezunguka na neno hilo tangu siku ile.

Kuna kitu kimoja tu sikukielewa. Kwenye makutano ya kilomita ya sitini na moja, taa ilikuwa nyekundu. Nyekundu kabisa, naiona hapa kwenye rekodi. Baba aliipita kwa kasi ile ile, wala hakugusa breki. Dereva asiye na doa miaka thelathini na moja. Nilidhani ananitania, nikacheka, naye akacheka. Wewe hukucheka. Alikwambia kitu baadaye?

Mdogo wako mwenye furaha,
Kipimo


11 Septemba

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza kabisa niliianza Februari, ikabaki kwenye droo. Naiambatanisha hapa. Isome hiyo kwanza, kisha urudi kwenye hii.

Umeshaisoma. Basi unajua kwa nini aliipita ile taa.

Dawa ilimsaidia hadi Mei. Juni alikuwa bado anaona kama mtu anayetazama kupitia chupa. Ungekuja Juni angeona kitu, sijui kiasi gani, lakini kitu. Kufikia katikati ya Agosti, mbele yake hakukuwa na chochote tena ila mwanga na giza. Ile reli aliiendesha kwa kichwa na kwa masikio. Alihesabu maungio ya reli yakigonga, Kipimo. Alijua kila stesheni ilipo kwa kuhesabu. Taa hazigongi.

Ulipoondoka alisikiliza mpaka basi lako likapita barabarani. Kisha akaniuliza, "Aliweka jua, au mawingu?"

Nilimwambia ni jua. Nikamweleza jinsi lilivyokuwa likipenya majani. Sikuwa hata nimetazama vizuri, kaka yangu mdogo. Miaka miwili nimeikejeli ile kazi, na siku ya kuitazama nilikuwa namtazama Baba. Ikabidi nimtungie.

Nimeishi kwa kusema. Watu hununua gazeti wanisome nikisema yale ambayo wengine wanayameza. Na jambo hili moja, la watu watatu, la nyumba moja, nimelimeza miezi saba. Hata ile barua ya Juni, nilipotaka kukuita, nilikutukana badala ya kukwambia, kwa sababu matusi nimeyazoea na ukweli ule ulikuwa na jina langu ndani yake. Ungeuliza tangu lini najua.

Usinijibu haraka.

Dada


19 Septemba

Dada,

Ile kadi ndogo ilikuwa mezani kwangu. Mwezi mzima wa Februari ilikuwa mezani, na kikombe changu cha chai nilikuwa nakiweka juu ya boksi lake.

Ungeniambia.

Na mimi pia, Baba alivyokuwa akipapasa kutafuta kijiko siku ile ya kwanza, niliona. Nilikuwa nafunga pawa saplai. Nilijiambia nitamuuliza nikimaliza.

K.


6 Oktoba

Shikamoo Baba,

Dada atakusomea hii. Sina la kujitetea, kwa hiyo sitajaribu.

Nimekuwa nikitafuta. Kuna miwani maalumu yenye kamera mbele na skrini mbili ndogo ndani, inayochukua picha na kuikuza, kisha kuisogeza pale jicho lilipobaki hai. Nimeongea na mtu anayeziuza. Iliyopo sasa sokoni ni dhaifu. Picha thelathini kwa sekunde tu, inachelewa kidogo kila ukigeuza kichwa, na uwanja wake wa kuona ni nyuzi arobaini. Lakini Machi inatoka mpya: picha tisini, nyuzi sabini, na nyepesi kwa theluthi. Nimeona nisikununulie takataka. Nitaingoja ile ya Machi, niijaribu hapa wiki mbili tatu, kisha nikuletee mwenyewe.

Mwanao


15 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii inaandikwa na jirani yetu, yule mpiga chapa mstaafu. Dada yako nimemtuma sokoni, maana angenihariri.

Nimesomewa habari za miwani. Nimeielewa ya sasa na nimeielewa ya Machi.

Kwanza, usigombane na dada yako. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nimefanya kazi na mafundi maisha yangu yote, na nawajua. Fundi akiambiwa treni inaondoka saa nne, atafunga bolti nusu na nusu ataziombea dua. Nikasema kijana asiambiwe saa, aifanye kazi yake kwa utulivu. Nilikosea mtu. Kumbe wewe ukipewa utulivu humalizi.

Pili. Miaka thelathini na moja sikupewa kichwa kipya cha treni hata kimoja. Cha mwisho kilikuwa na ufa kwenye kioo, kutoka kona hadi kona, na niliomba kioo kingine hadi nikastaafu. Nilichungulia pembeni mwa ufa na abiria walifika. Hizo picha kumi na moja ulizosema zinaruka kama chura, ningeziendesha. Ningewacheka vyura hao na ningewapita. Kuhusu hizo hukuniuliza mimi, uliuliza kadi.

Nilipokaa pale Agosti nilikuwa nimejiandaa kuona kidogo. Kulikuwa na weupe juu na weusi chini. Lakini sauti ya maungio uliipata, mpaka ule mlio wa daraja uliipata, kwa hiyo niliposema safi sikukudanganya lote. Nilidanganya nusu. Nusu hiyo imenikaa vibaya, ndiyo maana nakwambia.

Sasa sikiliza. Juzi daktari amenipima tena. Katikati kumekufa kote kuwili. Jicho la kulia, pembeni kabisa, kumebaki upenyo kama wa mlango uliorudishwa. Mtu akikaa kwenye kile kiti karibu na dirisha, namwona bega na sikio, na akicheka naona kidevu kinatikisika. Hivi sasa namwona jirani hivyo, na hafurahii nilivyomwambia kuhusu kidevu. Daktari hakusema upenyo utakaa hadi lini. Sikumuuliza.

Achana na Machi. Usilete kitu chochote. Njoo wiki hii, ukae upande wa kulia.

Baba yako